Mifuko Isiyovuja

Wifi yangu anaogopa farasi. Naanza na hilo kwa sababu wanaomwona kila Jumamosi na kikundi cha kusaidia farasi wa mikokoteni hudhani amezaliwa zizini. Hakuzaliwa zizini. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaumwa begani na farasi wa muuza maji akiwa na miaka saba, na mpaka leo akisikia kwato barabarani huhamia upande wa pili, hata kama upande wa pili ni tope tupu.

Ni fundi cherehani. Ameolewa na kaka yangu, mwanamume mpole anayependa usingizi kuliko chakula, na duka lao la ushonaji liko kando ya barabara inayotoka machimbo ya mchanga. Mimi nauza vifungo, nyuzi na zipu kwenye kona ya chumba hichohicho. Tumekaa pamoja miaka kumi na moja tukitaniana kutwa nzima, yeye akisema kaka yangu alimdanganya, mimi nikisema kaka yangu ndiye aliyedanganywa. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu. Niliyaona, na moja kati yake nimelifanya mwenyewe.

Alijiungaje na kikundi mtu mwoga kiasi hicho? Siku moja ya jua kali farasi aliyevuta matofali alianguka mbele ya duka letu. Alipiga magoti kwanza, halafu akalala ubavu, akihema kama mvukuto. Watu walijaa, mimi nikatoka na ndoo ya maji. Wifi hakutoka. Alibaki nyuma ya dirisha, uso umempauka. Lakini fundi ni fundi: huko huko nyuma ya dirisha aliona kidonda kifuani mwa yule farasi, pale mkanda unapokaa, na akaona kilichokileta. Jioni alipokuwa anafunga cherehani akaniambia, "Wifi, ule mkanda umeshonwa ndani nje. Pindo lote liko upande wa ngozi ya mnyama. Hata wewe ukivaa sidiria iliyogeuzwa utatoka vidonda."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye uwanja wa shule, kikundi kinapokutana. Ni watu wa kawaida tu: mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti, fundi wa kwato, muuza nyanya, kinyozi mmoja, na daktari wa mifugo, dada mdogo mwenye haraka, anayekuja mara moja kwa mwezi na gari lake. Wifi alisimama kwenye geti la shule na kuwaambia kwa sauti, bila kuingia, kwamba atawashonea mikanda yenye pedi bure, ila wasimwambie amshike farasi. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mama Mbali.

Ndivyo walivyofanya kazi. Mwalimu alikuwa anampima farasi kwa futi kamba na kutaja namba kwa sauti, na Mama Mbali, hatua ishirini nyuma, anaandika kwenye daftari. Akirudi dukani anakata, anashona, anajaza pamba. Pedi zake zilikuwa kitu kingine. Vidonda vilianza kupona barabara nzima, na wenye mikokoteni, watu wasiosifu ovyo, wakaanza kumsalimia wakipita. Alifurahi kama mtoto. Nilimtania kwamba atagombea ubunge kwa kura za farasi.

Kisha wakamwomba mifuko ya mdomoni. Hiyo ni mifuko ambayo farasi hulia chakula akiwa njiani: unatia pumba, unamvalisha mdomo na pua ndani, mkanda unapita nyuma ya masikio. Ya zamani ilikuwa ya gunia, inaoza baada ya miezi miwili. Wifi aliamua kushona ya kudumu. Akapata turubai nzuri, nene, ya kufunikia magari ya mizigo. Akachukua mfuko mmoja mkuukuu kuwa kielelezo, na kwa kuwa hakutaka kumkaribia farasi, akapima upana wa mdomo kwa ndoo. Kweli kabisa. Aliivisha ndoo mfuko, akaizungusha huku na huku, akasema, "Imemkaa vizuri." Mikanda akaishona kwa kitambaa kigumu cha nailoni, mishono miwili kila upande, maana alikuwa hataki kusikia kwamba kazi yake imekatika barabarani.

Alishona mifuko kumi na mitano. Jumamosi asubuhi nilimsindikiza uwanjani, kikundi kikagawa kumi na minne, na mmoja ukabaki mezani chini ya mti wa uwanja wa shule. Wenye farasi walishukuru, wakaondoka. Tulikuwa tunakusanya vikombe daktari alipofika, saa saba kamili, amechelewa kama kawaida yake. Akauona ule mfuko. Akaugeuza, akaupapasa chini. Akachukua kikombe cha maji akamimina ndani, akaunyanyua juu ya kichwa chake na kuutazama kwa chini.

"Hauvuji," akasema.

"Hata tone, daktari," wifi akajibu, na kifua kikamjaa. "Mvua inyeshe, isinyeshe, pumba hazilowi."

Daktari hakucheka. Akauliza taratibu, "Fundi, umewahi kuwaona wakinywesha farasi pale hodhini?"

Wifi hakuwahi. Angewaonaje, wakati saa kumi farasi wote wa mtaa hukusanyika pale kwenye hodhi ya saruji nyuma ya soko la mbao, na yeye saa kumi hufunga hata dirisha? Mwalimu ndiye aliyejibu, na nilimwona akianza kuelewa huku anasema. Wenye mikokoteni wana haraka. Hawavui mfuko. Farasi hutumbukiza kichwa hodhini na mfuko wake, pumba zinalowa, anakula laini, na maji ya ziada yanachuruzika kwenye matundu ya gunia. Wamefanya hivyo tangu enzi za baba zao.

"Farasi hapumui kwa mdomo," daktari akasema. "Anapumua kwa pua tu. Huu ukijaa maji akainua kichwa, maji yanainuka naye. Atazama amesimama."

Wifi akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la Jumamosi. "Nimewashonea vifo kumi na vinne," akasema. Nilitaka kumtania, nikatafuta mzaha kichwani, nikakosa hata mmoja.

Daktari hakutupa nafasi ya kulia. Mifuko tisa ilikuwa imekwenda kiwanda cha matofali, ng'ambo ya reli. Huko angekwenda yeye na mwalimu kwa gari, na simu wakipiga njiani. Mitano ilikuwa mitaani kwetu, kwa watu ambao simu zao ama zimezima ama hawana. Hiyo ilikuwa yetu, mimi na wifi, kwa miguu. "Kabla ya saa kumi," daktari akasema mara mbili. "Hata ukiona farasi hana hamu ya maji, uvue."

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo penyewe. Nyumba ya kwanza kabisa kutoka shuleni, upande wa kushoto, ni ya Baba Pacha. Baba Pacha hubeba mchanga. Mkewe alifariki alipojifungua watoto mapacha, wasichana, ambao sasa wana miaka tisa, na amewalea peke yake, suruali zimejaa viraka ambavyo wifi humshonea. Hana shamba wala duka. Ana farasi jike mmoja mweusi, na yule farasi ndiye anayelisha nyumba ile. Anaitwa Kisirani. Amemuuma fundi wa kwato mara mbili, kinyozi mara moja, na mwalimu mwenyewe alipimwa kwa teke badala ya kupima. Katika farasi wote wa mtaa, huyo ndiye wifi alikuwa akimwota usiku.

Tulifika pale saa saba na nusu. Geti la bati lilikuwa wazi. Kisirani alikuwa amefungwa kwenye nguzo katikati ya ua, mfuko mpya mdomoni, anatafuna. Alipotuona akalaza masikio nyuma, akapiga ukwato mmoja chini. 

"Haonekani mtu," wifi akanong'ona. "Atakuwa hayupo. Tumpitie tukirudi. Hanyweshwi kabla ya saa kumi, si ndiyo?"

Ilikuwa hatua nane, labda tisa, kutoka getini hadi kwenye ile nguzo. Nilizipima kwa macho. Nilijua kwamba hatukuwa tunapanga njia, tulikuwa tunakimbia. Na mimi niliye hodari wa kusema, niliyemtania miaka kumi na moja bila kukosa neno, nilimtazama yule farasi na mdomo ukanikauka.

"Sawa," nikasema. "Tukirudi."

Wanne waliobaki walitutoa roho. Wa kwanza alikuwa sokoni, akatoa mfuko bila maneno. Wa pili alikataa katakata. "Zawadi gani hiyo inayorudi siku hiyohiyo?" akauliza, ameukumbatia kama mtoto. "Kama mmepata wa kumpa mwingine semeni!" Wifi akamweleza, na yule bwana alipoelewa akautupa chini kana kwamba umemchoma. Wa tatu tulimtafuta karakana hadi karakana. Muda ulikuwa unakwenda na sisi hatuendi. Kila tulipokata kona nilitazama simu: saa nane na robo, saa nane na dakika hamsini, saa tisa na dakika tano. Wa nne alikuwa kwa kinyozi, povu kidevuni, akatuambia tumvue farasi wenyewe, yuko nje, mpole kama kondoo.

Nikamtazama wifi. Akajikaza. Akasogea, uso ameugeuzia pembeni, macho ameyafumba, mkono mmoja mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nikamshika kiuno kwa nyuma nisijue ninamsukuma au ninajificha. Akapapasa kifungo, akakifungua, mfuko ukaanguka. Yule farasi akapiga chafya, na sisi wote wawili tukapiga yowe mpaka kinyozi akatoka na wembe. Siku nyingine ningecheka wiki nzima.

Simu ikalia. Mwalimu: yote tisa imepatikana kiwandani, wanarudi. "Na ninyi?" akauliza.

"Bado mmoja," nikasema.

"Nani?"

Nikamwambia. Akasema, "Si ndiyo nyumba ya kwanza?"

Tulikimbia. Wifi si mtu wa kukimbia, ana mwili na ana viatu vya visigino, lakini siku ile alinitangulia. Saa tisa na nusu tulikuwa getini kwa Baba Pacha. Geti lilikuwa vilevile wazi. Nguzo ilikuwa tupu, kamba imelala chini. Jirani mmoja alikuwa anafua nguo upande wa pili wa ukuta, akainua kichwa.

"Amekwenda hodhini mapema," akasema. "Kuna mtu anataka mchanga kabla ya jioni. Mbona mnatetemeka?"

Wifi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, wala sitaki kuisikia tena. Tukakata kupitia soko la mbao, tukiruka magogo, watu wakituuliza moto uko wapi.

Tulisikia kabla ya kuona. Kwato zilikuwa zinapiga saruji ovyo, na mwanamume anapiga kelele, "Tulia! Tulia, mama! Nini? Nini?" Tulipotokea upande wa pili Kisirani alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, mkokoteni umepinduka, na ule mfuko umevimba usoni mwake, mzito, maji yanamwagika juu kidogo tu kila anapotupa kichwa. Hakuwa analia. Hakuweza. Ukimya wa mnyama mkubwa kiasi kile uliniogopesha kuliko mateke. Baba Pacha alikuwa amening'inia kwenye hatamu. Alijaribu kuushika mkanda, akarushwa kwenye ukingo wa hodhi, akaamka anatoka damu kichwani, akajaribu tena. Kifungo kilikuwa kimeingia chini ya nywele za shingo, kimebanwa na uzito wa maji. Watu wanne walisimama mbali, na hakuna aliyesogea. Siwalaumu. Mimi nilikuwa wa tano.

Wifi hakusimama. Nilimwona akitoa shingoni ule mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, anaoutundika kwa utepe tangu nimjue, na akaingia chini ya kile kichwa. Aliingia macho wazi, huku anapiga kelele kwa woga, kelele moja ndefu isiyo na maneno. Kisirani akashusha miguu, bega lake likampiga kifuani, wifi akaung'ang'ania mkanda kwa mkono mmoja akaburutwa naye. Hakuukata mkanda, ile nailoni isingekatika kwa kimkasi kile. Alijua mshono wake ulipoanzia. Akatia ncha kwenye uzi wa kwanza, akakata, akakata wa pili, akavuta, na mshono wote ukafumuka kama ulivyoshonwa.

Mfuko ukaanguka na maji yake na pumba zake. Kisirani akapiga magoti. Maji yakamtoka puani, akakohoa, akakohoa tena, kisha akavuta pumzi moja iliyosikika soko zima. Wifi alikuwa amekaa chini mbele yake, amelowa chapachapa, mkono wa kushoto umening'inia vibaya. Wala hakuusogeza uso wake mbali na ule mdomo. Nadhani hakuwa na nguvu.

Baba Pacha alimkumbatia farasi kwanza, kisha akaja kupiga magoti mbele ya wifi. Alikuwa analia waziwazi, damu na machozi vimechanganyika. "Fundi," akasema, "fundi, umeniokolea watoto wangu." Akawageukia wale waliosimama. "Mmemwona? Mwanamke! Ninyi mmesimama, yeye ameingia!" Watu wakaanza kupiga makofi. Gari la daktari likafika, mwalimu akashuka mbio, akaona farasi ni mzima. Akainama sikioni mwa wifi, nami nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nyamaza kwanza, fundi. Tutaeleza polepole. Wakijua leo, hakuna atakayepokea kitu chetu tena."

Wifi alimtazama mwalimu, akamtazama Baba Pacha aliyekuwa bado ameshika mkono wake mzima kwa mikono miwili.

"Baba Pacha," akasema. "Ule mfuko nimeushona mimi."

"Najua. Nani asiyejua?"

"Nimeushona vibaya. Hauna matundu. Umejaa maji kwa sababu yangu."

Makofi yakakoma. "Basi," Baba Pacha akasema, "kila mtu hukosea. Umekuja, umeokoa."

Pale angeweza kuishia. Mwalimu alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nilimwomba Mungu aishie pale, nakiri.

"Nilijua tangu saa saba," wifi akasema. "Nilifika kwako saa saba na nusu. Geti lilikuwa wazi. Nikamwona na mfuko mdomoni, nikamwogopa, nikapita. Nimekwenda kwa wengine wote kwanza kwa sababu farasi wao si wakali. Wako nimemwacha wa mwisho."

Baba Pacha aliuachia mkono wake. Hakuutupa, aliuachia tu. Akafikiri, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayehesabu kitu cha zamani.

"Saa saba na nusu nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango, nafunga viatu. Nilisikia sauti za wanawake getini, nikadhani wapita njia." Akamtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na afadhali ingekuwepo. "Ungeita tu, fundi. Ningetoka."

Baba Pacha akasimama, akashika hatamu, akamwinua Kisirani polepole, daktari akimsaidia upande wa pili. Akauacha mkokoteni ulivyopinduka, akaanza kumtembeza farasi wake kuelekea barabarani, mkono juu ya shingo yake, akimwambia maneno ambayo hatukuyasikia.

Watu walikuwa wanamtazama wifi, peke yake pale kwenye tope. Hakuna aliyenitazama mimi. Ningeweza kwenda nyumbani nikapika, na mpaka leo hakuna ambaye angejua.

"Baba Pacha!" nikaita. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Tulikuwa wawili getini. Mimi ndiye niliyesema sawa."

Akasimama, mgongo kwetu. Kisha akaendelea kutembea.